Kilti Tatu za Rangi Moja

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, Murdo Macnab alishuka ngazi akiwa amevaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, nyekundu yenye mirabamiraba ya ukoo wao, pamoja na shati la maua ya zambarau, akakaa mezani na kuomba uji wake. Mkewe, Netta, alikuwa ameshika sufuria. Hakuiangusha. Aliirudisha jikoni taratibu, akasimama mbele ya jiko akiwa ameipa meza mgongo, mpaka alipohakikisha kwamba uso wake umetulia.

Kwingineko, mzee wa miaka sabini na sita akivaa shati lisilopatana na nguo ya chini, mkewe hucheka, mambo yakaisha. Lakini Murdo alikuwa ameuza nguo za wanaume katika barabara kuu ya Balmarrin kwa miaka arobaini na moja, na baba yake kabla yake. Hakuna mwanamume wa mji ule aliyeoa, aliyezika au aliyekwenda Perth kuomba kazi bila kupita kwanza mikononi mwake. Nguo za sherehe zina sheria zake, na duka lolote huzijua. Murdo alisifika kwa nguo za kushinda nazo: za kwenda sokoni, za kunywea kahawa katika ukumbi wa kanisa Jumamosi asubuhi, za kumtembelea shemeji. Yeye ndiye aliyewatoa wanaume wa Balmarrin hofu. Aliwaonyesha kwamba mtu anaweza kushonewa kilti ya rangi moja tu, ya kijivu au ya kijani kilichofifia, isiyo na mraba hata mmoja, kisha akaivalia shati lolote analolipenda, la maua, la drafti, hata la samaki, akakunja mikono mpaka kwenye viwiko, akateremsha soksi zake, akapendeza kuliko bwana harusi.

Mteja akikosea, alikuwa akimgeuza mbele ya kioo na kumwambia, "Mmoja tu aongee hapo, bwana. Ama shati ama kilti. Wakiongea wote wawili, sisi tunaokutazama tunaumwa kichwa."

Watu walicheka, wakabadilisha. Hata baada ya kustaafu na kumwachia duka Struan Petrie, aliyekuwa msaidizi wake tangu ujana, Murdo aliendelea kusimama mlangoni pa ukumbi wa kanisa kila Jumamosi na kikombe cha kahawa mkononi, akiwapima wanaume kwa jicho moja. Kuna waliorudi nyumbani kubadilisha shati kabla ya kunywa kahawa.

Ndiyo maana Netta alisimama vile mbele ya jiko. Majina aliyosahau Murdo yeye aliyadakia haraka, kama mtu anayemalizia sentensi ya mumewe. Birika lililoachwa likaungua alinunua jingine la aina ileile. Lakini shati lile juu ya kilti ile lingesomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na kila mtu Balmarrin alijua kusoma.

Alirudi na uji.

"Murdo, una doa mgongoni."

"Doa la nini?"

"La chai. Panda ubadilishe."

"Mke wangu, chai nimeimwagaje mgongoni? Nanywea kisogo siku hizi?"

Alicheka mwenyewe, na Netta akacheka naye, akamshika mkono wakapanda ngazi pamoja. Alimvua shati, akampa jeupe. Murdo alijitazama kwenye kioo, akarekebisha kola kwa vidole viwili kama alivyowafanyia maelfu ya watu, akasema, "Hapo sasa."

*

Daktari wa Perth alikuwa amewaambia mwezi wa Januari. Alisema kwa upole, akawapa vijitabu, na Netta akavitia mkobani bila kuvitazama. Wakati wa kurudi ni yeye aliyeendesha gari. Walipofika kwenye daraja, Murdo alisema, "Netta, wasinione kama walivyomwona mama."

Alijua anachosema. Mama yake Murdo, katika uzee wake, alishuka barabara kuu mchana kweupe akiwa na gauni la kulalia na mkoba wa Jumapili, akiwauliza watu njia ya kwenda shule aliyosoma akiwa mtoto. Watoto walimfuata kwa nyuma. Mmoja alimwigiza anavyotembea. Ilikuwa zamani, lakini kisa hicho kilikuwa bado kikisimuliwa baa, na kila aliyekisimulia alikuwa na namna yake ya kuubeba ule mkoba.

"Hawatakuona," Netta alisema.

Alisema kwa ile sauti yake ya darasani. Alikuwa amefundisha Kilatini na Kifaransa katika shule ya sekondari ya mji kwa miaka thelathini, na hakuna mtoto aliyewahi kuitilia shaka sauti ile. Yeye ndiye msichana wa kwanza wa mtaa wao kwenda chuo kikuu. Aliporudi na kuolewa na muuza nguo, mama yake alilia, lakini Netta hakujuta hata siku moja. Jina la Macnab lilikuwa juu ya duka, na kwenye jiwe la waliokufa vitani ukutani mwa kanisa, mara nne. Aliliingia jina hilo kama mtu anavyoingia nyumba nzuri, na alilitunza hivyohivyo. Mtoto hawakupata. Jina lingeishia kwa Murdo, na Netta alikwisha kuamua kwamba litaishia safi.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya shati la maua, Murdo aliposinzia kwenye kiti baada ya chakula cha mchana, Netta alifungua kabati na kufikiri.

Kilti zilikuwa sita. Tatu zilikuwa za rangi moja: ya kijivu, ya kijani kilichofifia na ya buluu iliyokoza. Tatu zilikuwa za mirabamiraba ya ukoo: moja ya kijani, moja nyepesi aliyoivaa siku ya harusi yao, na ile nyekundu ya baba yake, yadi nane za sufu nzito, marinda yake yameshonwa kwa mkono na bibi yake Murdo karibu na dirisha la nyumba hiyohiyo. Mashati hayakuwa na idadi. Murdo alipenda mashati ya nakshi kama watu wengine wanavyopenda mbwa.

Mashati asingeweza kuyaondoa yote. Lakini kilti tatu za ukoo zingeweza kuondoka. Zikibaki zile tatu za rangi moja, shati lolote juu ya kilti yoyote lingekaa sawa. Hata Murdo avae macho yamefumbwa, hatakosea. Kanuni ambayo Murdo aliufundisha mji mzima, Netta aliyazungushia maisha ya mumewe kama uzio.

Alizikunja kilti tatu kwa karatasi na vidonge vya kufukuzia nondo, akazipandisha kwenye sanduku la bati darini, akafunga kwa ufunguo. Ufunguo aliutia kwenye kibweta cha miwani yake. Aliposhuka alikuwa na vumbi magotini na alijisikia, kwa mara ya kwanza tangu Januari, kama mtu mwenye akili.

*

Mpango ulifanya kazi. Ulifanya kazi Aprili yote na Mei yote. Jumamosi moja Murdo alivaa kilti ya kijivu na shati la majani ya mwaloni. Jumamosi nyingine ya buluu, na shati jeupe lenye vipepeo. Alisimama mlangoni pa ukumbi na kikombe chake, na Netta alisimama karibu naye, nusu hatua nyuma, tayari kudakia majina. Maongezi yakirefuka, alikumbuka skoni, vimkate vyake vya chai, zilizo tanurini.

Ina Crerar, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mnene mwenye mdomo usiochoka, alimsimamisha kila wiki.

"Jirani, huyu mzee wako unampa nini? Kila Jumamosi kama kijana anayekwenda kuposa!"

"Uji," Netta alisema. "Uji, na kumwacha atulie."

"Wangu nimempa uji miaka arobaini. Mbona bado anafanana na gunia?"

Watu walicheka, na Murdo akacheka, akamgeukia mume wa Ina aliyekuwa akila biskuti na kumwambia, "Bwana, shati hilo umelilalia au limekulalia?" Ikawa kicheko cha asubuhi nzima. Netta alirudi nyumbani akiwa ameshikana naye mkono, kichwa juu. Usoni mwa kila mtu alikuwa ameona kile alichotaka kukiona. Murdo Macnab hajabadilika. Alianza hata kufikiri kwamba pengine daktari alikosea.

Mwezi wa Juni alifariki Hector, binamu yake Murdo, na Murdo aliitwa kushika kamba ya kwanza ya kuteremshia jeneza kaburini, ya kichwani, pamoja na wanaume wengine watano wa ukoo. Netta alifikiria kuiteremsha kilti nyekundu kwa siku hiyo moja. Alisimama chini ya mlango wa dari na ufunguo mkononi. Lakini Murdo akiiona hatakubali ifichwe tena, na Jumamosi itafuata, na maua ya zambarau yatafuata. Akamvalisha ya kijivu, koti jeusi na shati jeupe. Kijivu ni rangi ya heshima, alijiambia. Makaburini hakutazama kitu kingine ila mikono ya Murdo. Ilishika kamba, ikaiachilia taratibu pamoja na mingine, haikuteleza. Watu walikuja kuwapa pole, wakamshika Netta mkono muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Alidhani ni kwa ajili ya Hector.

*

Julai Murdo alianza kuitafuta.

"Kilti ya baba iko wapi?"

"Kwa dobi," Netta alisema. Jibu lilitoka lenyewe, kabla hajalifikiria.

"Aa." Akaridhika, akaendelea na gazeti lake. Baada ya saa moja akauliza tena. Kesho yake akauliza mara nane. Netta alijibu mara nane, kwa sauti ileile, na kila mara Murdo aliridhika, mpaka siku moja alipoacha kuridhika.

"Dobi gani huyo?"

"Wa Perth."

"Nguo ya baba haijawahi kwenda kwa dobi. Baba alikuwa akiitandaza kwenye majani asubuhi yenye umande, basi. Nani kaipeleka kwa dobi?"

"Mimi."

Alimtazama. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama anavyotazamwa mteja aliyechukua kitu na kukitia mfukoni, ambaye bado hujaamua kama umwambie.

Kuanzia hapo Netta alikuta droo zimemwagwa. Alikuta Murdo amepiga magoti akichungulia chini ya kochi, na kwenye kibanda cha bustani akifungua makopo ya rangi. Siku moja alimkuta amefungua tanuri na kuingiza mkono mpaka begani. Jioni alifunga mlango wa chumba na kuuwekea kiti, na Netta akalala kwenye chumba kidogo kilichoandaliwa zamani kwa mtoto ambaye hakuzaliwa.

Angeweza kumrudishia. Alilifikiria jambo hilo kila siku. Kila siku aliona pia uso wa yule mtoto aliyekuwa akimwigiza mama mkwe wake, ambaye sasa ni mtu mzima, ana shamba, na huja kunywa kahawa Jumamosi. Michezo ya mji, ambayo kila mwaka wanaume huivalia kilti, ilikuwa inakaribia, mwezi wa Agosti, na watu wangejaa kutoka kila upande. Aliamua kwamba baada ya michezo ataiteremsha. Acha michezo ipite kwanza.

Alhamisi, siku mbili kabla ya michezo, alikuwa akikanda unga wa skoni. Alimwita Murdo aje amfungulie mtungi wa jemu, kwa kuwa hilo aliliweza bado na lilimfurahisha. Hakuitikia. Netta akatoka ukumbini. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na manyunyu yalikuwa yakiingia hadi kwenye zulia.

Alikimbia na aproni yake. Hakuwa amekimbia barabarani tangu alipokuwa na miaka ishirini. Kila hatua alitazamia kuona kundi la watoto. Hakukuwa na watoto. Alimkuta Murdo dukani kwake, yaani dukani kwa Struan, amesimama upande wa wateja.

Duka lilikuwa limejaa kwa ajili ya michezo. Struan alikuwa nyuma ya meza na futi ya kupimia shingoni. Ina Crerar alikuwepo, amekuja kuchukua soksi za mumewe. Na Murdo, katikati yao wote, hakuwa na kosa hata moja: kilti ya kijani kilichofifia, shati jeupe lenye bata wadogo wa buluu, mikono imekunjwa sawasawa, soksi zimeteremshwa, viatu vinang'aa. Ungeweza kumsimamisha dirishani.

"Niuzie kilti ya ukoo, Struan, mwanangu," alikuwa akisema. "Nyekundu. Yangu imeibiwa."

"Imeibiwa na nani, bosi?"

Murdo alishusha sauti, lakini si kiasi cha kutosha. "Kuna mwanamke pale nyumbani. Sijui katokea wapi. Ni mtu wa heshima, anapika vizuri, kwa hilo siwezi kumsema. Lakini ananiibia. Nikimuuliza ananiambia iko kwa dobi. Dobi gani wa miezi mitano, Struan? Anaifua uzi mmoja mmoja?"

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akakimeza kicheko.

"Umemwambia Bi Netta?" Struan aliuliza taratibu.

"Netta yuko shuleni, anafundisha. Siwezi kwenda kumtoa darasani kwa jambo kama hili. Unamjua alivyo."

"Namjua, bosi," alisema Struan, ambaye aliwahi kupata alama kumi na moja kwa mia katika Kilatini chake. Kisha akainua macho, akamwona Netta mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko, nywele zimelowa.

Duka zima liligeuka.

"Murdo anatania," Netta alisema. Sauti ya darasani ilitoka, lakini ilikuwa kama imetoka kwa mtu mwingine chumba cha pili. "Twende nyumbani, Murdo. Umeacha mlango wazi."

Murdo alimtazama kwa adabu kamili. Kisha alimwegemea Struan na kumnong'oneza, "Ndiye huyu. Usimfukuze kwa ukali. Amezeeka."

*

Ina ndiye aliyemshika Murdo mkono na kumpeleka chumba cha nyuma kunywa chai, akimwambia njoo mzee wangu unisemee na mimi, mume wangu ananiibia biskuti. Wateja walikumbuka shughuli zao. Struan aligeuza kibao cha mlangoni na kumwekea Netta kiti. Hakukikalia.

"Leo hakulala vizuri," alisema. "Ni dawa za kifua. Zinamchanganya kidogo."

"Mwalimu," Struan alisema, "tunajua."

"Mnajua nini?"

"Tunajua tangu mazishi ya Hector." Alikuwa akiikunja futi na kuikunjua. "Kamba sita, Macnab sita. Watano wamevaa nyekundu, na bosi kavaa ya kijivu. Mwalimu, huyu ndiye aliyeniambia nikiwa na miaka kumi na sita kwamba kilti ya rangi moja ni ya siku ambazo hakuna anayekuhitaji, na ya ukoo ni ya siku ambayo mtu wako anakuhitaji. Baba yangu mdogo alipokufa alinirudisha nyumbani nikabadilishe. Tulipomwona pale na kijivu, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mtu mwingine tungesema kasahau. Lakini ulikuwepo wewe, na wewe hakuna unachosahau. Tukajua umezificha, na tukajua kwa nini."

Netta alishika ukingo wa meza ileile ambayo Murdo alimwonyeshea, miaka hamsini iliyopita, kitambaa cha gauni lake la kwanza la kufundishia.

"Mji mzima?"

"Watu hawakulitangaza. Ina ndiye aliyesema Mwalimu akitaka tujue atatuambia, na mpaka hapo sisi hatujui."

"Na kila Jumamosi? Yale maneno ya Ina? Kijana anayekwenda kuposa?"

Struan aliiweka futi mezani. "Alikuwa akipendeza kweli," alisema.

Netta alirudi kwa mawazo kwenye zile Jumamosi zote, moja baada ya moja. Alijiona alivyosimama nusu hatua nyuma na kichwa juu. Alikumbuka vicheko, na mikono iliyoshika wake muda mrefu makaburini. Alidhani yeye ndiye anayewapa watu kitu cha kutazama, kumbe wao ndio waliokuwa wakimpa yeye. Walimpa kwa zamu, kila wiki, kama watu wanaopokezana kumpelekea mgonjwa supu. Aliyehurumiwa pale mlangoni hakuwa Murdo peke yake.

"Mngeniambia," alisema.

"Wewe? Nani angethubutu?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama kijana wa alama kumi na moja, na Netta aliona kwamba ni kweli.

*

Walirudi nyumbani chini ya mwavuli wa Struan, Murdo akiongea njia nzima na Ina juu ya biskuti. Mlangoni Ina alitaka kuingia.

"Jirani, niache nikae nawe kidogo. Nitaosha hata vyombo."

"Asante, Ina. Tuko sawa."

"Netta."

"Tuko sawa," alisema tena, akafunga mlango.

Alipanda darini akiwa bado na aproni. Sanduku lilifunguka na harufu ya vidonge vya nondo ikamtoa machozi, au alijiambia ni harufu. Aliitoa kilti nyekundu. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Alipoishika mikononi aliliona jambo lote kwa uwazi, kama sentensi ngumu inayonyooka ghafla baada ya kupata kitenzi chake. Angemwachia nguo yake, Murdo angekuwa mzee aliyekosea shati. Watu wangetabasamu, wangemrekebisha kola, yeye angewajibu kwa mzaha. Sasa alikuwa mzee anayeishi kwa hofu nyumbani mwake, anayeweka kiti mlangoni kabla ya kulala, na mwizi anayemwogopa ni mkewe. Mama yake Murdo katika gauni lake la kulalia angalau hakuwa akimkimbia mtu.

Alishuka, akaitandaza juu ya meza ya chakula, mbele ya mumewe.

"Murdo. Hii hapa."

Murdo alisimama. Akafuta mikono yake kwenye leso kabla ya kugusa, kama alivyofanya siku zote. Akapitisha kidole gumba kwenye marinda, moja baada ya moja, akaigeuza na kutazama mshono wa ndani, akainusa. Uso wake ulilainika. Netta alishikilia mgongo wa kiti.

"Kazi ya mkono," Murdo alisema. "Siku hizi huipati hii. Aliyeshona alikuwa karibu na dirisha, tazama jinsi mishono inavyolingana." Akainua macho, na ndani yake mlikuwa na ukarimu wa miaka arobaini na moja. "Nzuri sana, mama. Ni ya mumeo?"

Saa ya ukutani iligonga. Netta aliisikia mpaka mwisho.

"Ya mume wangu."

"Amefariki?"

"Hapana. Yupo."

"Kiuno chake inchi ngapi?"

"Thelathini na nane. Zamani ilikuwa thelathini na sita."

"Unampa uji mwingi," alisema, na wote wawili karibu wacheke. Kisha akainua kidole. "Ila mwambie jambo moja. Hii asiivalie shati la maua. Mmoja tu aongee."

"Analijua hilo."

"Wote husema wanajua, mama. Kisha wanasahau."

Aliiviringisha kilti kwa urefu, taratibu, kila rinda mahali pake, akatafuta uzi kwenye droo ambayo haikuwa na uzi, akaufungua mkanda wa pazia na kuifungia kwa huo. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akatangulia mpaka mlango wa mbele, akaufungua na kusimama pembeni, kichwa kimeinama kidogo, akingoja.

Netta alielewa anachongojewa: mteja aende zake. Aliutazama mlango, akamtazama Murdo. Alikuwa ametulia. Kwa wiki nyingi hakuwa amemwona ametulia vile mbele yake. Akikataa, yule mwanamke mwizi atarudi chumbani na kiti kitarudi mlangoni.

"Asante, Bwana Macnab," alisema.

"Karibu tena, mama. Msalimie."

Alitoka. Mlango ulifungwa nyuma yake kwa adabu, na komeo likasukumwa. Alisimama kizingitini na aproni yenye unga, kilti kifuani kama mtoto mchanga, na manyunyu yakaanza kuingia kwenye sufu. Ng'ambo ya barabara Ina Crerar alikuwa dirishani. Macho yao yalikutana. Kisha Ina, kwa heshima zote, akavuta pazia, ili asiwe ameona.

Ndani, Murdo alikuwa akizima taa moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunga duka.